Kwa nini msichana hufoka au kulia siku chache kabla ya hedhi?

Mwanafunzi wa miaka 14, mchangamfu wiki iliyopita, leo anamfokea rafiki yake kwa sababu ya kalamu, kisha anajifungia chooni kulia. Akiulizwa ana nini, anajibu "sina kitu". Hadanganyi. Kweli hajui. Siku tatu baadaye hedhi inaanza, na punde moyo unatulia.

Kinachomsumbua huanza kama wiki mbili kabla ya hedhi, yai linapopevuka na kutoka kwenye ovari. Kifuko kilichobaki baada ya yai kutoka hutoa homoni ya projesteroni pamoja na estrojeni. Mimba isipotungwa, kifuko hicho hunyauka, homoni zote mbili hushuka kwa kasi, na utando wa ndani wa mji wa mimba hubomoka ukatoka kama damu. Lakini mshuko huo huufikia ubongo pia. Huko homoni hizi hugusa utendaji wa serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza hisia, usingizi na hamu ya kula. Basi huja hasira, majonzi, uchovu na uchu wa vitu vitamu, sambamba na matiti kuuma, tumbo kujaa, kichwa kugonga na chunusi.

Je, anayeteseka zaidi ana homoni nyingi kuliko wenzake? La. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walizima kwa dawa homoni za ovari za wanawake wenye dalili kali, na wengi wao wakapata nafuu. Waliporudishiwa homoni, dalili zikarudi. Wanawake wasiokuwa na tatizo hili walipewa dawa na homoni zilezile, na hali yao haikubadilika. Homoni ni zilezile, ila ubongo wa mmoja huzihisi kwa ukali kuliko wa mwingine. Natamani kila msichana aambiwe jambo hili mapema, kabla hajaitwa mwenye kisirani na yeye mwenyewe akaamini.

Kwa wasichana wadogo kuna la ziada. Miezi ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mizunguko mingi hupita bila yai kutoka, na yai lisipotoka, dalili hizi kwa kawaida hazitokei. Ndiyo maana aliyezoea hedhi nyepesi akiwa na miaka 12 anaweza kushtuka mambo yanapobadilika akiwa na 14. Hajaharibika. Mwili wake umeanza kupevusha mayai.

Somo la hedhi likiishia kwenye pedi na usafi, msichana hubaki bila kifaa kinachomfaa zaidi hapa, nacho ni kalenda. Kila jioni aandike maneno machache: alilala vipi, alilia, kichwa kiliuma, alikuwa sawa. Aweke alama siku damu inapoanza na inapokoma. Baada ya miezi miwili au mitatu ataona mwenyewe kama siku mbaya hujikusanya ndani ya siku tano hivi kabla ya hedhi na kutoweka muda mfupi baada ya kuanza. Mzunguko wa umri huu unaweza kuwa wa siku 21 au hata 45, kwa hiyo asitegemee kuhesabu 28. Na huzuni ikijaa kalenda nzima, hedhi ije isije, basi chanzo huenda ni kingine, pengine sonona, na anahitaji msaada wa aina nyingine.

Akishazijua siku zake, anaweza kujipanga: alale mapema, atembee au acheze mchezo anaoupenda, apunguze chumvi na kahawa, ale kidogo kidogo bila kukaa na njaa. Kalsiamu nayo ina ushahidi wake: katika utafiti mwingine wa 1998, wanawake waliomeza miligramu 1,200 kwa siku walipungukiwa na dalili kwa karibu nusu, ingawa hata waliopewa kidonge kisicho na dawa walipata nafuu ya takriban asilimia 30. Kwa maumivu ya tumbo, dawa kama ibuprofeni husaidia, ila aitumie kwa ushauri wa mtu mzima na akiwa amekula.

Walimu na wavulana wafundishwe pia. Kumuuliza msichana mbele ya darasa kama "yuko kwenye siku zake" kila anapokasirika ni kumdhalilisha, na hata hasira yenye sababu ya haki haitasikilizwa tena.

Wachache huumwa zaidi ya hapo. Kuna hali kali ambayo tangu 2013 imo katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani kama ugonjwa kamili: msichana hushindwa kusoma, hugombana na kila mtu, hukata tamaa ya kuishi. Akitaja kujidhuru, apelekwe kupata msaada siku hiyohiyo, asisubiri hedhi ianze. Matibabu yapo, na daktari akitaka kujua kama kweli ni hali hiyo, ataomba kuiona kalenda ileile.