Mita, futi na maili: maana ya kizio cha urefu

Kizio cha urefu ni urefu mmoja ambao watu wamekubaliana kuutumia kupimia urefu mwingine. Ukisema ubao una mita 3, maana yake mita inaingia mara 3 kutoka ncha moja ya ubao hadi ya pili. Namba bila kizio haisemi lolote. Fundi akiambiwa "kata 60", mteja akiwa na inchi kichwani na fundi akiwa na sentimita, ubao utatoka na sentimita 60 badala ya 152.4, na ukishakatwa haurefuki tena.

Kabla ya mita, kizio kilikuwa mwili wenyewe. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Shibiri mbili hufanya mkono mmoja, au dhiraa: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni pima, yaani upana wa mtu aliyenyoosha mikono yake kushoto na kulia. Ni mpango mzuri kwa kukadiria, lakini kwa kuuziana una kasoro kubwa, maana mkono wa muuzaji si mkono wa mnunuzi.

Ndiyo maana miaka ya 1790 Wafaransa walitafuta kizio kisichotegemea mwili wa mtu yeyote. Waliifanya mita kuwa sehemu moja kati ya milioni 10 za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Tangu 1983 mita ni umbali ambao nuru inakwenda katika ombwe (mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa) kwa sekunde 1/299,792,458. Inchi nayo sasa inategemea mita: kwa makubaliano ya 1959, inchi 1 ni milimita 25.4 kamili. Futi 1 ni inchi 12 (sentimita 30.48), yadi ni futi 3, na maili ni mita 1,609.344. Maili ya baharini ni nyingine kabisa, mita 1,852, kwa hiyo usizichanganye.

Ndani ya mita kugeuza ni rahisi: milimita 10 ni sentimita 1, sentimita 100 ni mita 1, mita 1,000 ni kilomita 1. Unasogeza nukta tu. Tahadhari ni kwenye eneo, kwani mita 1 ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, si 100.

Kwenye futi ndiko watu wengi wanakoteleza. Futi 5 na inchi 6 si futi 5.6. Inchi 6 ni nusu ya futi, kwa hiyo ni futi 5.5, sawa na sentimita 167.64. Anayeandika 5.6 anapata sentimita 170.69, na hizo sentimita 3 zinatosha kufanya mlango usiingie kwenye fremu. Geuza kwanza kila kitu kiwe inchi (5 × 12 + 6 = 66), kisha zidisha kwa 2.54.

Futikamba, au tepu, nayo ina siri yake. Ile ndoano ya mwanzoni inachezacheza kidogo, na wengi hudhani imelegea wakaigonga ikaze. Imetengenezwa hivyo makusudi. Ukiivuta kwenye ukingo wa ubao inatoka nje, ukiisukuma ukutani inaingia ndani, na nafasi inayocheza ni sawa na unene wake, ili sifuri ibaki pale pale katika hali zote mbili. Ukiikaza, ama vipimo vya ndani ama vya nje vitakosea kila mara. Ndoano ikipinda au ikikatika, anzia kwenye alama ya sentimita 10 na utoe 10 kwenye jibu: ukisoma 84.3, urefu ni 74.3. Andika hesabu hiyo kabla ya kushika msumeno, pamoja na kizio chake.