Je, wajua kwa nini barabara ikipanuliwa jamu inarudi palepale?

Muulize yeyote kwenye takisi (yaani matatu au daladala) iliyokwama Kalerwe, hapa Kampala, saa kumi na mbili jioni, atakujibu bila kufikiri: barabara nyembamba, magari mengi, wapanue. Jibu linaingia akilini, ndiyo maana halitoki. Tatizo lake ni kwamba linachukulia idadi ya magari ni ileile siku zote, eti ukiyapa nafasi mara mbili basi yatapita mara mbili upesi. Lakini safari si mzigo uliokwisha kupimwa, ni kitu ambacho mtu anaamua asubuhi akiwa bado anakunywa chai, na anaamua kwa kuangalia njia ikoje.

Mchumi Mmarekani Anthony Downs aliliandika hili mwaka 1962, na mwaka 2011 wachumi Duranton na Turner walipima miji ya Marekani wakakuta kilomita zinazoendeshwa zinaongezeka karibu sawasawa na kilomita za barabara zilizoongezwa. Mji wa Houston, Texas, ndio kali zaidi, walimaliza kupanua barabara kuu ya Katy Freeway mwaka 2008, kuna sehemu inafika leni 26 ukihesabu na zile za pembeni, na miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ukaanza kurefuka tena. Leni 26!

Inakuwaje? Chukua kijiji chenye kisima kimoja cha pampu na foleni ya majerikani. Mnaongeza pampu ya pili, wiki ya kwanza raha tupu. Halafu yule aliyekuwa anachota bwawani anasikia foleni imepungua, anakuja. Aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kukwepa watu sasa anakuja saa mbili kama wenzake. Aliyekuwa anachota jerikani mbili anachota nne maana haichukui muda. Mpaka hapo ni watu walewale. Ila baadaye anakuja wa kufyatua matofali anaweka tanuru karibu na maji, mwingine anafungua sehemu ya kuosha pikipiki, wa tatu ananunua ploti hapo anajenga vyumba vya kupanga, na hao hawaondoki tena hata foleni ikirudi, kwa sababu maisha yao yameshapangwa kuzunguka kile kisima.

Hao wa mwisho ndio watu wanawasahau. Northern Bypass ya Kampala, barabara ya kuzunguka mji, kilomita kama 21 kutoka Bweyogerere mpaka Busega, ilifunguliwa 2009 ili malori ya upande wa Kenya yasipite katikati ya mji. Wazo zuri. Ila pembeni yake vitongoji vya Kisaasi, Kyebando, Naalya vikajaa watu, maana ardhi iliyokuwa mbali imekuwa karibu, na kufikia 2014 upanuzi ukaanza. Tusiibebeshe bypass kila kitu lakini, watu wenyewe wameongezeka: Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, ilikuwa na watu kama milioni 2 kwenye sensa ya 2014, ile ya 2024 ikakuta kama milioni 3.4, wakati Kampala yenyewe imetoka milioni 1.5 kufika 1.8 hivi. Tena vipimo vile ni vya Marekani kwenye watu wa magari binafsi, sisi wa takisi, boda na miguu huenda hesabu yetu ikawa tofauti kidogo.

Sasa nani anapanga? Barabara kubwa ni ya serikali kuu, ploti za upande huu ziko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, za upande ule chini ya wilaya ya Wakiso na manispaa zake, na mwenye mailo, yaani ardhi yenye hati ya kudumu, anakata vipande anauza kwa bei anayotaka. Kila mtu na karatasi yake.

Wananchi wanaitwa, tusiseme uongo. Wanaitwa wakati mstari umeshachorwa na nyumba zimeshapigwa X nyekundu, kwa hiyo kikao kizima kinakuwa cha fidia, mthamini kaandika miembe mingapi, pesa zinakuja lini. Na wana haki, katiba ya 1995 ibara ya 26 inataka mtu alipwe kabla ardhi yake haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ikalisisitiza mwaka 2015. Ila angalia waliomo kikaoni ni akina nani: wale barabara inaowapitia juu. Wale iliowakosa kwa mita 300, ambao shamba lao la ndizi litakuwa vyumba vya kupanga, hawajaitwa, na jamu itatoka kwao.

Kuna mtu mmoja anayejua haya mapema kuliko mashine ya kuhesabu magari, ni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Mikataba mingi ya kibanja, kipande cha ardhi mtu anachokalia bila hati, inapitia kwake, anashuhudia, anapiga muhuri. Mwulize mwaka huu amepiga mihuri mingapi upande ule inakopita barabara mpya na hapo una makadirio ya jamu ya miaka mitano ijayo, bure kabisa. Kikaoni alikuwepo, aliitwa athibitishe nani ni mwenye nyumba ipi.