Mkuki wa Neeraj Chopra si lazima ukite ardhini

Wengi huamini mkuki usiposimama ardhini, mrusho umeharibika. Sivyo. Kinachotakiwa ni kichwa cha chuma kigonge chini kwanza, ndani ya eneo lililochorwa. Ukiteleza au kulala baada ya hapo, unahesabiwa. Kipimo huanzia alama ya mguso wa kwanza hadi ukingo wa ndani wa tao, yaani mstari uliopinda mwishoni mwa njia ya kukimbilia. Hivyo ndivyo zilivyopimwa mita 87.58 zilizompa Chopra, mrusha mkuki wa India, dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Kosa hutokea zaidi miguuni. Mwanariadha anayekimbia kwa kasi akachelewa kufunga breki hugusa tao, na mrusho hufutwa hata uwe mrefu vipi. Katika fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, majaribio 5 kati ya 6 ya Chopra yalikataliwa. Lile moja, mita 89.45, lilimpa medali ya fedha.