Dawa zinazoshusha kinga ya mwili: maswali na majibu kuhusu maambukizi

Inawezekanaje dawa niliyoandikiwa na daktari ikanifanya niambukizwe kirahisi?

Kwa baadhi ya dawa, kutuliza kinga ndiyo kazi yenyewe. Mwenye baridi yabisi au lupasi anashambuliwa na kinga yake mwenyewe. Aliyepandikizwa figo ana kinga inayotaka kuikataa figo hiyo. Wote wawili hupewa dawa ya kuizuia. Tatizo ni kwamba kinga ikishazuiwa, hupunguza makali hata dhidi ya bakteria, virusi na fangasi.

Katika kundi hili zimo steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni, methotreksati, azathioprini, sindano kama adalimumabu, infliksimabu na rituksimabu, pamoja na dawa nyingi za saratani. Zipo pia zisizotarajiwa: klozapini ya maradhi ya akili na kabimazoli ya tezi ya shingo. Hizi mbili, ingawa ni mara chache, zinaweza kushusha ghafla chembe nyeupe za damu, ambazo hupambana na vijidudu.

Nimepewa prednisoloni ya siku chache tu kwa ajili ya pumu. Niwe na hofu?

Hapana. Kinachoamua ni kiwango na muda. Kwa mtu mzima, miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili au zaidi ndipo madaktari huanza kumhesabu kuwa kinga yake imeshuka. Kama unatumia steroidi ya kuvuta kwa mdomo, sukutua mdomo kila ukimaliza, la sivyo fangasi wataota mdomoni kama utando mweupe.

Nitajuaje kuwa nimeambukizwa?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu steroidi huficha dalili. Homa, uvimbe, wekundu na maumivu ni kazi ya kinga; ukiizuia, navyo hufifia. Mtu anaweza kuwa na usaha tumboni akalalamika kichefuchefu tu. Kwa hiyo usisubiri homa ndipo uamini kwamba unaumwa. Kikohozi kisichoisha, kuungua wakati wa kukojoa, kidonda kisichopona, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au uchovu usio wa kawaida: lolote kati ya hayo linatosha kukupeleka kwa daktari.

Anayetumia dawa za saratani awe na kipimajoto nyumbani. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Joto likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na asimeze parasetamoli kabla ya kupima, maana itashusha joto na kumdanganya.

Kwa klozapini na kabimazoli, koo kuuma, vidonda mdomoni au homa maana yake ni kupima damu siku hiyo hiyo. Kabimazoli husimamishwa hadi majibu yatoke.

Nikiambukizwa, niache dawa zangu?

Inategemea dawa, na hapa watu wengi huumia kwa kujiamulia. Ukitumia prednisoloni kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulala na kuacha kutengeneza homoni ambayo mwili huihitaji sana wakati wa ugonjwa. Ukiikatiza ghafla, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na ukafa. Mara nyingine daktari huongeza dozi badala ya kuipunguza. Methotreksati na zile sindano, kinyume chake, mara nyingi husimamishwa kwa muda, lakini kwa kauli ya daktari.

Tena uangalie dawa utakayopewa kutibu maambukizi yenyewe. Kotrimoksazoli ikikutana na methotreksati inaweza kuharibu uboho, mahali chembe za damu zinapotengenezwa. Anayekuhudumia hawezi kujua unachomeza usipomwambia. (Na methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku.)

Kuna vipimo vya kufanya kabla ya kuanza?

Vipo, na ni haki yako kuviuliza. Sindano kama infliksimabu zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na rituksimabu inaweza kuamsha homa ya ini B, kwa hiyo vyote hupimwa mapema. Kuna pia minyoo aina ya strongiloidi, ambayo huishi kimya utumboni kwa miaka. Mtu akianza steroidi, inaweza kuzaliana na kusambaa mwilini hadi kumuua.

Chanjo je?

Epuka zenye vijidudu hai: surua, homa ya manjano, tetekuwanga, BCG (ya kifua kikuu), polio ya matone. Zikihitajika, zitolewe wiki kadhaa kabla ya kuanza dawa. Zisizo hai, kama sindano ya mafua ya msimu na ya nimonia, hazina hatari hiyo na zinapendekezwa, ingawa kinga yake huweza kuwa dhaifu kidogo.

Nijifungie ndani?

Hakuna haja. Nawa mikono, acha maziwa yasiyochemshwa na mayai mabichi, vaa glavu ukilima, na kinyesi cha paka kizolewe na mwingine. Ila ukikaa na mwenye tetekuwanga nawe hukuwahi kuugua, piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kabla ya upele. Kinga ya dharura husaidia ikitolewa mapema.