Kipimo cha DNA: maswali ya baba, ndugu na asili

Mtoto hafanani nami hata kidogo. Je, niwe na shaka?

Sura peke yake si ushahidi. Mtoto huweza kumfuata bibi yake mzaa baba na kuwaruka wazazi wote wawili. Makundi ya damu nayo husomwa vibaya sana: baba na mama wote wa kundi A wanaweza kabisa kumzaa mtoto wa kundi O.

Linaloniuma zaidi ni la sikoseli. Mtoto anagundulika kuwa na ugonjwa, baba anasema "kwetu hakuna kitu hicho," na mama anarudishwa kwao na watoto. Kwa kawaida mtoto mwenye sikoseli amerithi kinasaba chake kwa wazazi wote wawili. Baba anaweza kukibeba maisha yake yote akiwa mzima wa afya, wala ukoo wake usijue. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kusema kabambikiwa mtoto, baba huyo apimwe damu kwanza aone kama naye ni mbebaji.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu la mtoto, la baba na, ikiwezekana, la mama. Hakiumi, hata kwa kichanga. Maabara hulinganisha sehemu kadhaa za vinasaba, mara nyingi 15 au zaidi. Kila sehemu mtoto ana nakala mbili: moja ya mama, na ya pili lazima ipatikane kwa baba mzazi. Zikilingana, ripoti huandika uwezekano wa zaidi ya asilimia 99.9. Haiandiki 100, na hilo lisikutie wasiwasi. Kama anayedhaniwa ni baba ana pacha wa kufanana, semeni mapema, maana kipimo cha kawaida hakiwezi kuwatenganisha hao wawili.

Naweza kupeleka mswaki wa mtoto kimyakimya?

Usifanye hivyo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 ya udhibiti wa vinasaba vya binadamu; maombi hupitia kwa wanaoruhusiwa, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii, na vipimo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu ya siri hayatakusaidia kwenye kesi ya matunzo, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha sampuli ilikuwa ya nani. Kwa viza za familia za Marekani, maabara iwe na ithibati ya AABB, shirika la Marekani linalokagua ubora wa maabara, na sampuli ya aliye ng'ambo ichukuliwe chini ya usimamizi wa ubalozi. Kwa kweli kesi ya kwanza ya DNA duniani, Uingereza mwaka 1985, ilikuwa ya uhamiaji: mvulana aliyerudi kutoka Ghana alithibitishwa kuwa mtoto wa mama yake.

Baba ameshafariki, na mirathi ina mgogoro. Tufanyeje?

Wapimwe babu na bibi wazaa baba kama wako hai. Majibu yao yana nguvu kubwa. Ndugu wa baba mmoja, mama tofauti, huchangia wastani wa asilimia 25 tu, kwa hiyo majibu yao mara nyingine hayatoi uhakika. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake tu, ikipimwa kwa baba mdogo huonyesha kwamba kijana ni wa ukoo huo wa kiumeni, ila haisemi ni mtoto wa nani kati ya kaka hao.

Wakati wa kutambua marehemu, kama ilivyofanyika kwa miili iliyofukuliwa Shakahola, Kilifi, Kenya, mwaka 2023, wazazi na watoto wa damu watangulie kutoa sampuli. Mume au mke peke yake hawezi kusaidia, kwani hachangii damu na mwenzake.

Na asili yangu?

Hapa kipimo husema mengi juu ya watu wengi, machache juu ya mtu mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80 wa zamani, wakiwemo wa miji ya pwani ya Waswahili kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Kwa wengi wao, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote; upande wa baba ulikuwa na asili kubwa ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi, kwamba baadhi ya mababu wa pwani walitoka Uajemi, yakapata uzito mpya.

Asilimia unazouziwa na kampuni za nje ni makadirio yanayotegemea watu waliomo kwenye hazina yao ya kulinganishia, na Waafrika humo bado ni wachache. Lakini orodha ya ndugu wanaofanana nawe ni ya kuaminika zaidi, na inaweza kukuletea kaka usiyemjua, kwa hiyo ongea na wazee wako kabla ya kutuma mate.