Nani Aliyeipitisha Katiba ya Kenya? Yasemwayo na Yaliyotokea

Pale bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, mjadala wa katiba hauishi. Watu husimama mduara, mmoja akitaja kifungu, mwingine akimkatiza. Vifungu vyenyewe wengi wanavijua vizuri ajabu. Wanakoteleza ni kwenye historia yake: nani aliandika, nani aliidhinisha, kwa kura ngapi. Kosa hilo si dogo, maana anayeamini kwamba katiba alipewa na wabunge ataamini pia kwamba wabunge wanaweza kumnyang'anya.

"Kenyatta na waasisi wenzake waliandika katiba ya uhuru, wananchi wakaipitisha."

Mikutano ya Lancaster House kule London ilikuwa mitatu: 1960, 1962 na 1963. Katika ule wa kwanza Jomo Kenyatta hakuwepo kabisa. Alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Vyama vya siasa vya KANU na KADU navyo havikuwa vimezaliwa, viliundwa baadaye mwaka huo huo. Waliokwenda upande wa Waafrika walikuwa wajumbe wa kuchaguliwa wa Baraza la Kutunga Sheria, Ronald Ngala akiwaongoza na Tom Mboya akiwa katibu. Mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi aliyewaandalia rasimu ya haki za raia. Miaka saba baadaye aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kenyatta alifika 1962, na hapo ndipo moto wa majimbo ulipowaka. KADU, iliyoogopa jamii ndogo kumezwa na zile kubwa, ilitaka mikoa yenye mabunge yake na Seneti ya kuilinda. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Ilikubali majimbo shingo upande, kwani kuendelea kubishana kungechelewesha uhuru.

Na kuidhinisha? Hakukuwa na kura ya maoni. Wakenya walipiga kura Mei 1963, lakini walikuwa wakichagua wabunge na maseneta. Katiba haikuwekwa mbele yao. Ilianza kutumika 12 Desemba 1963 ikiwa kiambatisho cha amri iliyotolewa Uingereza kwa jina la Malkia.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katiba ya uhuru ilidai asilimia 75 ya kura katika kila bunge kati ya yale mawili ili kuibadilisha, na asilimia 90 katika Seneti kwa sehemu zilizolindwa zaidi. KADU ilijivunja Novemba 1964 na wabunge wake wakahamia upande wa serikali. Mlinzi akawa ameondoka langoni. Mwaka 1965 kiwango kikashushwa hadi asilimia 65, na kufikia mwisho wa 1966 Seneti ilikuwa imefutwa. Mwaka 1982 kikaingizwa kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, kisha kikaondolewa Desemba 1991. Yote hayo yalifanyika bungeni, bila mwananchi kuulizwa hata mara moja.

"Bunge likitaka, linaandika katiba mpya."

Hili lilijibiwa na Mahakama Kuu Machi 2004, katika kesi iliyoletwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake. Katiba ya zamani, kifungu cha 47, iliwapa wabunge mamlaka ya kurekebisha. Majaji walio wengi wakasema kurekebisha si kufuta na kuandika upya. Anayeweza kuandika upya ni wananchi wenyewe, na njia yao ni kura ya maoni. Kwa maoni yetu uamuzi huu ulibadilisha mkondo kuliko hotuba yoyote ya kisiasa ya miaka ile: tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kulikwepa sanduku la kura.

"Ya 2010 ni ile ile ya Bomas."

Ni mjukuu wake, tena aliyefinyangwa na wengi. Mkutano wa Bomas, kule Lang'ata, ulikuwa na wajumbe 629 chini ya Profesa Yash Pal Ghai, kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004. Rasimu yao ilipita baada ya upande wa serikali kutoka nje kwa hasira. Serikali ikaifanyia marekebisho, ikawa Rasimu ya Wako, kwa jina la Mwanasheria Mkuu Amos Wako. Ikapelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya 21 Novemba 2005: ndizi ikiwa alama ya Ndiyo, chungwa ya La. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58.

Kazi ikafufuliwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na serikali ya nusu mkate, yaani ya mseto iliyogawana madaraka. Safari hii sheria iliweka jambo la busara. Kamati ya Wataalamu ilitakiwa kwanza kuyatenga mambo yenye utata, na mengine yote yakafungwa. Yaliyobaki wazi yakawa matatu tu: mfumo wa serikali, ugatuzi (kugawa mamlaka hadi ngazi za chini) na kipindi cha mpito. Bila kufuli hilo, kila kifungu kingefunguliwa upya na mazungumzo yangekwama tena.

"Iliandikwa na wageni."

Kamati hiyo ilikuwa na wataalamu tisa wenye kura. Sita walikuwa Wakenya, mwenyekiti akiwa Nzamba Kitonga. Watatu walitoka nje: Christina Murray wa Afrika Kusini, Chaloka Beyani wa Zambia na Frederick Ssempebwa wa Uganda. Theluthi moja, basi.

Waliobadilisha mambo mazito zaidi walikuwa wanasiasa wetu wenyewe. Rasimu ya Novemba 2009 ilikuwa na rais na waziri mkuu wakigawana mamlaka. Ilipopelekwa kwa kamati ya wabunge iliyoketi Naivasha Januari 2010, waziri mkuu akaondolewa, ikawa serikali ya rais. Ngazi ya kati ya ugatuzi, ile ya mikoa, ikafutwa pia, zikabaki kaunti.

Bungeni mambo yalikuwa kinyume. Wabunge walileta mapendekezo zaidi ya 150, na hakuna hata moja lililopita. Sababu ni hesabu: kila badiliko lilihitaji asilimia 65 ya wabunge wote 222, yaani kura 145. Kila kundi lilikuwa na kifungu chake, na hakuna kundi lililofika 145. Rasimu ikapita 1 Aprili 2010 kama ilivyokuja. Hata hivyo, Mei, wakati wa kupiga chapa, maneno "usalama wa taifa" yalipatikana yamechomekwa katika baadhi ya nakala, kwenye kifungu cha kuwekea haki mipaka. Yaligunduliwa mapema, lakini ilionyesha kwamba rasimu huhitaji kulindwa hata ikiwa tayari kwenye mtambo.

"Ilihitaji nusu ya kura na moja zaidi, basi."

Ilihitaji hiyo, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Lengo lilikuwa eneo moja lenye watu wengi lisiwabebe wengine mgongoni. Kampeni zilikuwa za kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La, na wanasiasa vigeugeu wakabatizwa "matikiti maji": kijani nje, nyekundu ndani. Tarehe 4 Agosti 2010, Ndiyo ilipata kura 6,092,593 na La 2,795,059. Bonde la Ufa ilisema La, lakini hata huko asilimia 25 ilivukwa.

"Ni sahihi ya Kibaki iliyoifanya kuwa sheria."

Picha ya Rais Mwai Kibaki akiitia sahihi Uhuru Park, Nairobi, 27 Agosti 2010 ni nzuri, ila kalamu haikuwa na uwezo wa kukataa. Kifungu cha 263 kinasema katiba itaanza kutumika rais atakapoitangaza, au siku 14 baada ya matokeo ya mwisho ya kura kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lolote litakalotangulia. Rais angekunja mikono, ingeanza vilevile.

Wala si yote iliyoanza siku hiyo. Jedwali la Sita liliahirisha sehemu kadhaa hadi uchaguzi mkuu wa kwanza, uliokuja 4 Machi 2013. Ndipo magavana na Seneti wakapatikana. Jedwali la Tano liliweka muda wa kutunga sheria za utekelezaji, nyingine hadi miaka mitano. Ndiyo maana mtu aliyekimbilia kortini Septemba 2010 akidai ugatuzi asingepata kitu.

Jambo moja kwa msomaji wa Kiswahili. Kifungu cha 7 kinaifanya lugha yetu kuwa ya taifa, na rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kifungu cha 259 kinasema nakala za lugha tofauti zikigongana, ya Kiingereza ndiyo inayoshika. Basi ukisimama Jeevanjee na nakala ya Kiswahili mkononi, litazame neno lenyewe katika ile nyingine kabla hujamrukia mwenzako.