Presha ya mzee haipimwi mara moja

Kila siku ya kliniki sasa tunaletewa lalamiko lile lile. Watoto wamemnunulia mzazi mashine ya presha. Asubuhi namba ya juu inaonyesha 158, jioni 139, na akifika kwetu tunapata 165. Swali linalofuata: mashine ipi inadanganya? Mara nyingi hakuna. Presha hupanda na kushuka kutwa kucha, na ya mzee huyumba zaidi kwa kuwa mishipa yake imekakamaa. Hatubadilishi dawa kwa namba moja. Tunachohitaji ni wastani wa wiki.

Wapo wazee ambao presha hupanda kwa sababu tu wameketi mbele ya daktari, baada ya safari ya boda na foleni tangu alfajiri. Wapo pia walio kinyume: kliniki iko sawa, nyumbani iko juu. Hao ndio wanaotutia hofu, kwa sababu hakuna anayewashuku. Kipimo cha nyumbani kina mpaka wake: kliniki tunahesabu presha ya juu kuanzia 140/90, nyumbani ni wastani wa 135/85. Tafadhali msiichanganye.

Na niseme wazi kuhusu ile kauli ya "presha yangu ikipanda naisikia". Huisikii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 uliwapima watu wazima wa Uganda wa miaka 18 hadi 69. Takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kati ya hao, waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika hata 8 kwa 100. Ingekuwa inasikika, wangejua.

Mwezi uliopita nilimtembelea bibi mmoja nyumbani kwake. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mkono unaning'inia, mkanda wa mashine umefungwa juu ya bega lililotuna la gauni lake la gomesi, na mjukuu anamuuliza chumvi iko wapi. Mashine ikasema 172. Tukampa kiti chenye egemeo, akatoa mkono kwenye gomesi, mto ukawekwa mezani chini ya mkono. Dakika tano za kimya. 148. Bado iko juu, lakini ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na hatuna njia ya mkato. Pima asubuhi kabla ya chai na kabla ya kumeza dawa, halafu jioni. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 hivi, na kuzungumza vilevile. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa, usivute sigara, usitoke shambani moja kwa moja. Mkanda ukae kwenye ngozi, usawa wa moyo. Usikunje mkono wa nguo hadi ukabana kama kamba. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili, hata ile usiyoipenda. Fanya hivyo siku saba. Siku ya kwanza sisi huiondoa kwenye hesabu. Siku ya foleni ya pesa za SAGE, zile serikali inazowapa wazee, mwache mzee apumzike kwanza.

Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ndiyo tunayoitaka, si ya kifundo cha mkono. Kabla ya kununua, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya mkono wa juu: mkanda wa kawaida mara nyingi hutosha sentimeta 22 hadi 32. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo utakupa presha usiyokuwa nayo. Mashine ikionyesha kila mara alama ya mapigo yasiyo sawa, tuambie. Huenda moyo wenyewe unahitaji kuchunguzwa.

Jambo ambalo familia nyingi hazilifanyi ni kumpima mzee akiwa amesimama. Mpime ameketi, kisha asimame, umpime tena ndani ya dakika tatu, mtu akiwa karibu wa kumshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, usisubiri tarehe ya kliniki. Huyo ndiye anayeamka usiku kwenda choo cha nje, kizunguzungu kinamkuta mlangoni, anavunjika nyonga, na nyumbani wanasema ameteleza.

Kuhusu dawa, hatutachoka kurudia. Usiache vidonge kwa sababu leo umeona 128. Hiyo 128 ni kazi ya vidonge. Usiongeze kwa sababu ya 150 moja. Vilevile, duka la dawa la kawaida haliruhusiwi kuuza dawa za presha. Hizo ni za famasi, kwa cheti cha daktari. Muuzaji anayezitoa anajiweka kwenye hatari ya kufungiwa duka na kunyang'anywa dawa, na mzee anaondoka na kidonge asichoandikiwa.

Ukiona 180/120 au zaidi na mzee yuko sawa, mpumzishe, rudia baada ya dakika tano. Ikibaki hapo, mlete siku hiyo hiyo. Lakini kama kifua kinabana, pumzi inakatika, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea au maneno hayaeleweki, usirudie kupima. Ondokeni saa hiyo hiyo.

Tarehe ya kliniki ikifika, njoo na daftari na mashine yenyewe pamoja na mkanda wake. Tutaipima kwenye mkono wako sambamba na yetu.